Namba 999 haithibitishi kwamba kilele ni safi

Ndugu, umeuliza kama namba 999 (kati ya 1000) inayotolewa na programu ya kromatografia ya kimiminika (HPLC), njia ya kutenganisha kampaundi zilizochanganyika, inatosha kusema kilele chako, yaani mwinuko unaochorwa kampaundi inapopita kwenye kigunduzi, ni cha kampaundi moja tu. Haitoshi. Namba hiyo inaeleza kwamba spektra za urujuanimno (michoro ya jinsi mwanga unavyofyonzwa) zilizochukuliwa kwenye mpando, kileleni na kwenye mteremko zinafanana sana, basi. Uchafu wenye kromofori (sehemu ya molekuli inayofyonza mwanga) ileile, kama ilivyo kwa isomeri nyingi (molekuli zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti) na mabaki ya dawa iliyovunjika, utatoa spektra ileile. Ule usiofyonza mwanga hautaonekana kabisa.

Usiiachie programu kazi yote. Fungua spektra zenyewe, toa mchango wa kiyeyushi, kisha zipandanishe uzitazame kwa macho. Kama unatumia methanoli, usianze kwenye nanomita 200, kwa sababu hapo yenyewe inafyonza mwanga. Angalia pia kimo cha kilele: kikiwa kirefu mno, kigunduzi hakijibu tena kwa uwiano, spektra inabapa juu, na utaletewa onyo la uchafu ambao haupo. Punguza kiasi cha sampuli, urudie.

Spektrometa ya masi, kifaa kinachopima masi ya molekuli, itakusaidia sana, ila isomeri zina masi sawa, na hapo nayo inaweza kukwama. Kwa hiyo badilisha aina ya safuwima (bomba ambamo kampaundi hutenganishwa), au pH ya kiyeyushi kama kampaundi yako ni asidi au besi, uone kama kilele kitagawanyika. Binafsi naliamini jaribio hilo kuliko namba yoyote ya programu.