Ukiharisha baada ya antibayotiki, ulizia sumu

Kazi yangu ni uuguzi wa wodini, na ndugu wa wagonjwa huniuliza sana: mbona hawa wawili wamekutwa na bakteria yule yule, lakini mmoja anatembea na mwingine yu mahututi? Umri na kinga ya mwili vina nafasi yake. Ila mwenye kuumiza hasa ni sumu.

Clostridioides difficile, bakteria anayeweza kuleta kuharisha baada ya antibayotiki, anaweza kukaa tumboni mwa mtu bila shida yoyote, hata kwa watoto wachanga. Antibayotiki zikishaua bakteria wema, yeye huzaliana na kutoa sumu A na B, ambazo huharibu seli za utando wa utumbo mpana. Asiyetoa sumu haleti ugonjwa huu. Aina ya 027, iliyosumbua hospitali za Quebec, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina pia sumu ya tatu. Kwa hiyo majibu yakitoka, muulize daktari kama sumu yenyewe imepimwa. Kipimo cha vinasaba huonyesha tu kwamba bakteria ana uwezo wa kuitengeneza.

Mtu akipata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, akiwa kwenye dozi au wiki chache baada ya kuimaliza, mpeleke hospitali. Usimpe loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kwa uamuzi wako.

Na kuharisha kukikoma ghafla, msiharakishe kushangilia. Namkumbuka mzee mmoja ambaye ndugu zake walifurahi kuona kitanda kikavu. Nilipomfunua, tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma, hataki hata shuka limguse. Utumbo ulikuwa umeacha kusukuma. Hiyo ni dharura, sawa na homa kali, presha kushuka, au chembe nyeupe za damu kupita 15,000 kwa mikrolita moja ya damu.

Vankomisini, antibayotiki ya kutibu ugonjwa huu, hunywewa; ikichomwa kwenye mshipa haifiki utumboni ipasavyo. Nanyi mnaouguza, naweni kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana spora (mbegu ngumu) za bakteria huyu hazifi kwa kitakasa mikono chenye spiriti. Choo kisafishwe kwa klorini.

Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 huugua tena. Dalili zikirudi, rudini hospitali mapema. Choo kikishakuwa kigumu, hakuna haja ya kupima tena: kipimo chaweza kuendelea kuonyesha bakteria kwa mtu aliyekwisha kupona.