Cassoulet bila nyama imetoka maji maji, niongeze jelatini?

SWALI: Chef shikamoo. Naishi Toulouse, mkwe wangu hali nyama kabisa, nikasema nimjaribishie cassoulet, ile ya Kifaransa ya maharage meupe na nyama. Nikatoa bata na soseji, maharage meupe nikayatupia makavu kwenye lile jungu la umeme la kupika pole pole, masaa 8, na kyubu 3 za kuku yapate ladha. Imetoka maji maji, ukoko wa juu hakuna, maharage mengine bado yanakataa. Kuna video wanasema niongeze jelatini. Kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Usiweke hata kijiko. Jelatini inachemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe na ng'ombe, sasa utakua umemtolea mkweo soseji mlangoni ukamuingizia nguruwe dirishani. Na hizo kyubu za kuku je? Geuza paketi usome, nyingi zina mafuta ya kuku humo humo. Hii kitu naiona kila wiki jamani, mtu anatoa nyama afu anarudisha nyama ya unga.

Ila kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba nyama kwenye cassoulet ni ladha tu, kwaiyo ukiitoa unatafuta ladha nyingine ya kumwagia, kyubu, moshi wa chupa, sijui soseji za soya. Hapana. Ukienda mji wa Castelnaudary, wale wanaosema cassoulet ni ya kwao (na Carcassonne wanasema hivo hivo, na nyie wa Toulouse ndo kabisa), utakuta wanaweka ngozi ya nguruwe kwenye chungu, na haipo pale kwa ajili ya kutafunwa. Inayeyuka taratibu, inafanya rojo linakua zito, na lile rojo likikaukia juu kwenye oveni linashikana linakua ukoko. Bata nae analeta mafuta. Kwaiyo ulipotoa nyama umetoa uzito na mafuta, afu ukarudisha chumvi peke yake, lazima iwe maji maji.

Uzito unao tayari, uko ndani ya maharage. Kwa nusu kilo ya maharage makavu, yakishaiva chota kikombe kimoja, ponda, rudisha. Mafuta usione huruma, mafuta ya zeituni nusu kikombe, kaangia vitunguu na karoti mpaka vitunguu viwe na rangi ya asali, sio vile vya dakika tano. Uyoga mkavu ulowekwe, na maji yake tumia. Kitunguu saumu kingi, karafuu mbili, jani la bay (bay leaf). Nyanya weka maharage yakishalainika tu, mana uchachu unayafanya yagome. Chumvi sio adui kama mlivyodanganywa, weka hata kwenye maji ya kuloweka, gramu 15 kwa lita, inalainisha ganda.

Afu hamishia kwenye chungu kipana, oveni nyuzi 150, bila mfuniko, masaa mawili na nusu hivi. Juu pakishika ukoko unauzamisha kwa mgongo wa kijiko, unaacha ushike tena. Wenyewe wanasema mara saba, mimi tatu zinanitosha. Castelnaudary hawataki kusikia chenga za mkate juu, ila wewe huna ile ngozi, weka chenga ulizochanganya na mafuta raundi ya mwisho wala usiombe radhi. Jungu la umeme lina mfuniko na mvuke, ukoko utatokea wapi?

Na hilo jungu ndo limenitisha kuliko yote. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, inaitwa lektini, mekundu ndo yanaongoza, meupe yana kama theluthi ya hiyo lakini nayo yanayo. Sumu inakufa kwa maji yanayotokota kweli kweli. Majungu mengi ya pole pole hayafiki huko, na kwenye nyuzi 80 hivi sumu inaweza hata kupanda kuliko maharage yakiwa mabichi kabisa, yani umeyapasha yakawa mabaya zaidi. Mtu anakula, saa moja mpaka tatu baadae anatapika na kuharisha, anasingizia maji au jicho la jirani. Na hao wa video wanaosema "tupia tu makavu ukalale" hawatakua hapo kukushikia ndoo.

Loweka usiku, mwaga maji yale, weka mapya, chemsha yatokote dakika 10 kwa uchache, mimi naacha 30. Hapo ukitaka kuyahamishia kwenye jungu lako sawa, hata ya githeri, hata ya wali wa kesho.

Hayo uliyosema bado yanakataa, kama yapo kwenye friji usimpashie mkweo. Mwaga.