Maswali yenu kuhusu saratani ya misuli laini

Mi nafanya kazi maabara, dirisha la kupokea vinyama, yaani vipande vinavyotolewa mwilini vikapimwe, kwahiyo wiki hii nimechukua maswali yenu ya leiomayosakoma, ndo hiyo saratani ya misuli laini.

Misuli laini ndo ipi? Baba kaambiwa anayo pajani, nilijua ni ya kizazi tu.
Ni misuli inayojiendesha yenyewe bila we kuiamrisha, utumbo, kibofu, kizazi, na kuta za mishipa ya damu. Sasa mishipa si ipo mwili mzima? Ndo maana inatokea pajani, nyuma ya tumbo, hata kwenye ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Pole sana kwa baba.

Dada, nina fibroidi tatu, jirani anasema zitageuka kansa. Nitolewe kizazi?
Hapana mpenzi, usikimbilie huko. Fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio kansa, tunazo wengi mno hasa sisi wanawake weusi, na hii sakoma, yaani hii kansa yetu, kwa kawaida inaanza kivyake, sio fibroidi imekaa sana ikageuka. Ila uvimbe ukiendelea kukua wakati hedhi ilishakoma, au damu ikarudi, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Altrasaundi ilisema fibroidi, mama akapasuliwa, leo majibu yanasema kansa. Walikosea?
Sio lazima walikosea. Altrasaundi inaona uvimbe, haioni seli, na hata MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inasaidia tu. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikadiria kwamba kwenye wanawake 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya fibroidi mmoja anakutwa na sakoma ambayo haikutegemewa, ndo wakaonya kuhusu zile mashine za kusagia uvimbe humohumo tumboni maana zinaweza kutawanya seli. Jibu lenyewe linatoka kwenye hadubini, unaona seli ndefu zimelaliana, viini vyake kama sigara, vingine vikubwa ovyo, na nyingi zinagawanyika.

Hapa naomba mnisikilize jamani. Kuna mama alileta uvimbe wa mdogo wake kwenye kopo la siagi, umeloekwa maji ya bomba, siku ya nne, alikuwa anatafuta hela ya kipimo. Ulishaoza, hatukuweza kusoma chochote, na ule uvimbe hautolewi mara mbili. Kwahiyo kabla ndugu yako hajaingia tieta uliza nani anapeleka kinyama, kiwekwe kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, kopo liandikwe jina, na majibu ya karatasi mkae nayo nyumbani.

Kaka yetu ana VVU, inahusiana?
Kinga ikishuka sana, kirusi cha Epstein-Barr kinaweza kuleta uvimbe wa misuli hii, hata kwa watoto. ARV asiache.

Shangazi kapasuliwa, anajisikia mzima, hataki tena kliniki.
Shangazi mbembelezeni. Upasuaji wa kutoa uvimbe wote ndo tiba kuu, lakini hii kansa inasafiri na damu na inapenda kwenda mapafuni, kwahiyo kifua kinapigwa picha kila baada ya miezi michache hata kama hana dalili. Ikirudi kuna dawa za kansa, kuna doxorubicin, kuna gemcitabine na docetaxel, na doa dogo la mapafuni wakati mwingine linakatwa. Kwa Dar mwulizeni daktari rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya kansa, na kama nauli ndo inamkwamisha aseme mapema kliniki, asikae kimya mpaka aanze kukohoa.