Sangara wa Februari hawako walipokuwa Julai

SWALI: Navua sangara Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe, kwa kamba ya ndoano nyingi, chambo changu ni furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani. Natega chini kabisa, kama mita 45. Julai na Agosti napata vizuri. Februari hadi Aprili naambulia wachache, tena wengine nawavuta wamekwisha kufa. Nibadili ndoano?

JIBU: Ndoano zako hazina kosa, kaka. Kinachokuangusha ni kina.

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki hupoza maji ya juu. Yakipoa huwa mazito, yanazama, na ziwa zima linachanganyika mpaka chini. Oksijeni inafika sakafuni, na sangara anashuka nayo. Ndiyo maana mita 45 inakulipa wakati huo.

Miezi ya joto mambo hugeuka. Maji ya juu yanakuwa moto kuliko ya chini kwa digrii mbili tatu tu, lakini hizo zinatosha kuyazuia yasichanganyike. Huko chini, mabaki ya mimea na mwani yanaoza na kumaliza oksijeni, mara nyingi kuanzia mita 40 hivi kwenda chini. Kamongo na kambare huweza kuvuta hewa juu ya maji. Sangara hawezi, na anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa ziwa hili. Kwa hiyo hupanda. Yule anayenasa kwenye ndoano yako akashindwa kupanda, anakosa pumzi palepale.

Februari tega kamba ikining'inia kwenye maboya, ndoano ziwe mita 15 hadi 30, au sogea kwenye miteremko ya miamba yenye kina hicho. Mpaka kati ya maji yenye oksijeni na yasiyo nayo hupanda na kushuka, basi upime: funga furu wachache kwa hatua za mita 5 kwenye kamba moja yenye jiwe. Ukivuta ukakuta wa juu wanacheza na wa chini wamekufa bila kuguswa, umeshaujua. Mimi ningefanya hivyo kila unapobadili eneo. Na sangara aliye chini ya sentimita 50 mrudishe akiwa hai.

Jambo la mwisho, maana najua litakukuta. Upepo mkali wa ghafla unaweza kuyainua yale maji ya chini yasiyo na oksijeni, ukakuta sangara wakubwa wanaelea wamekufa. Watu hukimbilia kusema ni sumu, na kweli mara nyingine huwa ni sumu. Kwa macho hutaweza kutofautisha. Usiwaokote, usiwauze, mwite afisa uvuvi.