Digrii ya nyuklia ya onlaini: kwanza uliza muhuri ni wa nani

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi, nilikuja Marekani na mamangu nikiwa bado shule ya msingi, nikapata uraia, nikaingia Nevi, jeshi lao la majini, nikafanya miaka sita kwenye nyambizi upande wa kinu cha nyuklia. Nimetoka mwaka jana, saa hii niko Texas napiga zamu za usiku kwenye ghala. Nataka kutumia ile pesa ya masomo ya wanajeshi nichukue digrii ya teknolojia ya uhandisi wa nyuklia kwa onlaini alafu niombe kazi kwenye mtambo wa umeme. Shida ni vyuo. Kimoja kinasema programu yake ina ithibati ya ABET, lile shirika la Marekani linalopima programu za uhandisi, kingine kinasema kimeidhinishwa "kimataifa", na kingine kimenitumia meseji WhatsApp eti uzoefu wangu wa jeshini unatosha, nilipe dola 899 na digrii inakuja kwa posta baada ya siku 14. Rafiki yangu tuliyekuwa naye melini ananiambia mambo ya akreditesheni, yaani hizo ithibati, ni kelele tu, mitambo inataka watu wa Nevi, basi. Mama naye kila akipiga simu anauliza, ukirudi nyumbani itatambuliwa hio? Baharia, Texas.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu za usiku. Tuanze na hio ya siku 14 tuimalize: blok namba. Digrii inayokuja kama viatu vya kuagiza haina mtu wa kuitetea siku HR wakipiga simu kuulizia, na mtambo wa nyuklia si duka la simu, watakuchunguza hadi majirani zako wa zamani kabla hujapewa beji ya kupita getini. Ukikamatwa na cheti feki hapo hujakosa kazi moja tu, umekosa sekta nzima, maana mitambo Marekani si mingi na watu wake wanajuana.

Sasa huyo rafiki yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndio inapoteza watu. Ni kweli mitambo inawapenda watu wa Nevi, na ni kweli leseni ya kuendesha kinu haitolewi na chuo chochote, inatolewa na NRC, tume ya serikali inayosimamia nyuklia, baada ya mtambo wenyewe kukusomesha muda mrefu na kukupeleka mtihani. Tena leseni yenyewe imefungwa kwenye mtambo ule ule na inadumu miaka 6, ukihamia mtambo mwingine unakaa tena darasani. Kwa hivo ukitaka kuanzia chini kama opereta asiye na leseni, wapo wengi walioingia bila digrii kabisa.

Lakini muulize rafiki yako anataka kuwa wapi akifika miaka 40. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Machi 1979, Wamarekani waliamua kila zamu lazima awepo mshauri wa kiufundi mwenye digrii ya sayansi au uhandisi au elimu inayolingana nayo, kwa sababu usiku ule taa na ving'ora vilikuwa vinalia chumba kizima na waliokuwepo hawakuelewa kinu kinawaambia nini. Kuanzia hapo digrii ikawa ngazi. Kuna watu wamekaa kwenye paneli miaka na miaka, wazuri kuliko bosi wao, na kila nafasi ya juu ikitangazwa wanasoma ule mstari wa "shahada kutoka taasisi yenye ithibati" wanarudisha karatasi mezani. Huo mstari ndio unaoutafutia dawa, si mlango wa kuingilia.

Na ithibati ziko mbili, hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Ya kwanza ni ya chuo kizima. Ya pili ni ya programu moja moja, na kwa mambo ya uhandisi Marekani hio ndio kazi ya ABET. Hoteli kuwa na leseni ya kaunti haimaanishi biriani yao ni tamu, si ndio? Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na kozi unayoitaka haina ABET. Na ukiona tangazo linasema "chuo chetu kimepewa ithibati na ABET" shtuka hapo hapo, maana ABET haipi vyuo ithibati, inapa programu. Mwenye programu ya kweli atakuambia programu ipi.

Unayoitafuta ipo, tena onlaini. Excelsior University ya Albany, New York na Thomas Edison State University ya New Jersey zote zina digrii ya aina hii yenye ABET, na zote zilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi zao, kwa hivo mtu wa Nevi si mgeni pale. Utawapelekea ile transkripti yako ya jeshi, ile JST, watakuhesabia krediti za shule ya nyuklia na za kazi. Usishangae ikibaki hesabu za kalkulasi na mradi wa mwisho na kozi za kuandika ripoti ambazo nyinyi mafundi mnazikimbia. Hapo ndipo tofauti na jamaa wa dola 899: wote wanakuhesabia uzoefu, ila hawa wanaupima kwanza, na bado wanakudai masomo.

Jambo moja nataka ulisome mara mbili. ABET ina kamati tofauti. Programu za uhandisi zinapitia EAC, za teknolojia ya uhandisi zinapitia ETAC, na digrii unayoisema wewe ni ya ETAC. Si digrii ya pili kwa ubora, ni ya watu wa kuendesha na kutengeneza zaidi kuliko kubuni. Kwa opareshen na matengenezo uko sawa kabisa. Ila ukiwa na ndoto ya kuitwa Professional Engineer mwenye muhuri wake, kila jimbo lina sheria yake, na hapo Texas mwenye EAC anadaiwa uzoefu wa miaka 4 na mwenye ETAC miaka 8. Ujue leo usije ukalia 2035.

Kuhakikisha ni dakika tano. Ingia tovuti ya ABET yenyewe, usifuate linki waliyokutumia wao, tafuta jina la chuo, alafu linganisha jina la programu neno kwa neno na lile lililoko kwenye barua ya udahili. Kuna majina yanafanana sana kama mapacha. Angalia pia miaka, kwa sababu kinachohesabiwa ni programu kuwa na ithibati wakati unamaliza, si wakati unaanza. Chuo chenyewe kiangalie kwenye orodha ya wizara ya elimu ya Marekani, maana matapeli wanajiundia hata shirika feki la kutoa ithibati, wanajipa wenyewe na nembo ya tai juu.

Pesa: GI Bill yako, ile pesa ya masomo ya wanajeshi, ni miezi 36, ukiipoteza kwa kozi ya ovyo hairudi kirahisi. Na ukisoma onlaini tupu, posho ya nyumba inakuja nusu ya wastani wa nchi nzima. Wengine wanachukua hata somo moja la kukaa darasani ili waongezewe, waulize washauri wa wanajeshi chuoni kama somo hilo litaingia kwenye digrii yako.

Mwambie mama swali lake la kutambuliwa Kenya ni zuri. Teknolojia ya uhandisi ina bodi yake, KETRB, iliyotokana na sheria ya 2016, tofauti na bodi ya wahandisi, EBK. Ukipeleka digrii ya ETAC EBK ukitaka uitwe injinia utaanza ugomvi usio na lazima. Kuhusu kazi yenyewe, mtambo hatujajenga bado, unajua vile watu wa Uyombo hapo Kilifi walivyoukataa, kwa hivo usipange maisha juu yake. Cheti kiwe cha kukulisha Texas kwanza.

SWALI: Anko habari, niko Dodoma, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu na PCM, nimeona hizo digrii za nyuklia onlaini zenye ABET, naweza kusoma nikiwa nyumbani? Neema.

JIBU: Nzuri Neema, hongera. Utadahiliwa pengine, lakini mimi nakukataza. Zile digrii zimeshonwa kwa mtu ambaye tayari ameshika vali, maabara yake aliifanyia kazini. Wewe ungemaliza na cheti halali na hujawahi hata kusimama karibu na kipima mionzi. Chukua uhandisi mitambo au fizikia ya kukaa darasani, na ukipata udhamini wa nje, kabla hujasaini chochote angalia kama TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, wanakitambua hicho chuo. Alafu omba fildi TAEC, tume ya nguvu za atomiki Tanzania, pale Njiro Arusha, uende na barua ya chuo mapema, usingoje wiki ya mwisho.