Kima Akija Bustanini, Mwachie Maji, Usimpe Ndizi

Ndizi ya kwanza niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe, kupitia dirisha la jikoni. Tulikuwa tumehamia Parklands, hapa Nairobi, karibuni, na kima jike aliyembeba mtoto kifuani alikuwa ameketi juu ya ukuta akiniangalia. Akaja, akaipokea, akaimenya polepole. Nilimpiga picha kwa simu nikaituma kwa ndugu zangu wote.

Mzee anayelinda geti letu aliniambia siku hiyohiyo, "Mama, hao usiwazoeze." Nikamjibu, "Sawa, mzee." Kesho yake nikatoa ndizi nyingine.

Haukupita muda mrefu wakawa wanakuja kundi zima, nami najivunia. Walijua saa yetu ya chai. Walijua dirisha lipi komeo lake limelegea. Walichukua mkate, maembe, siku moja walibeba ugali uliokuwa bado unafuka moshi. Kisha mwanangu, miaka 6, akatoka uani na ndizi yake mkononi. Dume kubwa likashuka ukutani. Mtoto akaficha mkono mgongoni, kama mtoto yeyote angefanya, na lile dume likamuuma chini kidogo ya kiwiko.

Tuliosha kidonda kwa sabuni chini ya bomba kwa dakika 15 nzima, kisha tukaenda hospitali moja kwa moja. Akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, tukarudi kila tarehe tuliyopewa mpaka dozi ikaisha. Ukiumwa au ukiparuzwa na kima, tumbili, nguchiro au mnyama yeyote wa mwituni, fanya hivyo hivyo. Usikae nyumbani kungoja kuona kama kidonda kitavimba, kwa maana kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, hakuna dawa.

Kima yule hakuwa mbaya. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mkono wa binadamu una chakula, na mtoto akauficha. City Park, bustani ya umma yenye msitu, haiko mbali nasi, na watu wamekuwa wakiwapa kima wa pale ndizi na njugu kwa miaka mingi, kwa hiyo wengi wao wanaruka ukuta wakiwa wameshazoea. Katika mbuga zetu ni marufuku kuwalisha wanyama, na sasa naelewa kwa nini. Mnyama akishazoea kupewa, siku asipopewa ananyang'anya, na akinyang'anya anapigwa mawe au anawekewa sumu. Ndizi yangu ilikuwa inamwandalia hayo.

Tangu hapo sitoi chakula cha mkononi kwa mnyama yeyote, na kwa hakika sasa naona wengi kuliko zamani. Wanafuata maji.

Chukua sahani pana ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua. Jaza maji yasiyozidi kina cha sentimita 5, na katikati weka jiwe lenye mgongo mkavu ili ndege wadogo wapate pa kusimama. Iweke karibu na kichaka cha kukimbilia, lakini isiwe ndani ya kichaka, maana paka hujificha humo. Ioshe kwa brashi kila baada ya siku 2. Uchafu huwaambukiza ndege magonjwa, na maji yakikaa wiki nzima utakuwa unafuga mbu. Januari na Februari, jua linapokausha kila kitu, sahani hiyo haikosi mgeni: shorewanda, kurumbiza, na kuzumburu wenye mikia mirefu, ambao ukiwa na mpapai tayari unawajua. Mapapai ya juu nimewaachia. Ni yao.

Baada ya maji, panda. Uani mwetu tulikuta muhuti mzee, na ukitoa maua yake mekundu kabla ya majani, chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya utamu wa maua, hawaondoki. Mshubiri nao huwaleta, na unakua hata ndani ya debe kwenye roshani. Wapo wanaowatundikia chozi maji ya sukari. Kama lazima, pima kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji, bila rangi, bila asali kwa sababu huota kuvu upesi, na ubadilishe kila siku 2. Mimi niliacha. Maua hayahitaji kuoshwa.

Mkate na mabaki ya wali usiwamwagie ndege. Mtama na wimbi kwera watavifurahia, lakini punje zinazobaki chini huita panya, panya wakazidi mtu akanunua sumu, na bundi akila panya aliyekula sumu naye huweza kufa. Jirani yangu alinisihi nimfukuze bundi wetu kwa sababu analeta msiba. Nilimjibu, "Mama Wanja, huyu ndiye anayekulindia stoo." Sijui kama alikubali, ila hakumtupia jiwe, na hilo lilinitosha.

Sasa picha. Nairobi, mwanga mzuri ni kuanzia kama saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3, kisha tena baada ya saa 10 jioni. Saa 6 mchana jua liko utosini, macho ya mnyama yanazama kwenye kivuli na huwezi kuyarudisha. Julai, mawingu yakitanda kutwa nzima, usilalamike. Mwanga huo laini unawafaa kima sana, kwa sababu manyoya meusi ya mabega na meupe ya shingoni yote yanaonekana vizuri.

Nyumba yako ndiyo maficho yako. Zima taa ya ndani, gusisha kioo cha kamera au cha simu kwenye kioo cha dirisha ili usipige picha ya taswira yako mwenyewe, na tulia. Kama ni simu, usivute picha kwa vidole mpaka ichakae. Sogeza sahani ya maji karibu na dirisha, kidogo kidogo, siku hadi siku. Kama ni kamera, kwa ndege anza na kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde. Shuka hadi usawa wa macho yake, na lenga jicho. Jicho likitoka wazi, mkia ukififia hakuna atakayeuliza.

Chozi mwenye mkia mrefu alinichukua asubuhi 4. Dume lake ukilitazama ovyo utadhani ni jeusi tupu. Unangoja linyonye, linyonye, lihamie ua la pili, kisha ligeuze kichwa kidogo upande wa jua, na mara moja shingo yote inawaka shaba na kijani. Ni kama nusu sekunde. Katika picha yangu ana chavua ya manjano kwenye paji la uso, vumbi la muhuti.

Usimwite ndege kwa kumchezea sauti ya mwenzake kwenye simu, maana anaacha mayai kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Kiota kiache, kunguru wanaangalia unakokwenda. Dada yangu aliyeko mtaa wa Karen hutembelewa na komba usiku, na nimemwomba asitumie mweko wa kamera. Macho yale yameumbwa kwa giza.

Ukitaka kujua majina ya unaowaona, shirika la uhifadhi la Nature Kenya hutembeza watu kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, na hukutana Makumbusho ya Nairobi. Mimi nilienda nikijua kunguru na mwewe tu.

Kima bado wanapita, kama saa 10 jioni, juu ya ukuta. Ilichukua miezi, madirisha yamefungwa, mkono hautoki, ndipo wakaacha kuja jikoni. Mwezi uliopita jike mmoja alishuka kwenye sahani akainama kunywa. Mtoto wake alichovya kidole, akakilamba, akachovya tena. Nilipiga picha 40, zilizofaa ni 3. Hakutazama dirishani hata mara moja.