Mtandao wa vituo uliogeuka fundo la nyuzi

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa kazi yangu ya chuo nimekusanya njia za daladala za Dar es Salaam na kuunganisha kila kituo na vingine vyote vilivyo katika njia ileile. Nilipofungua data hizo katika Gephi, programu ya kuchora mitandao, vituo takribani 600 vilirundikana katikati ya skrini kama nyuzi zilizochezewa na paka, hata Kariakoo sikuiona. Je, kompyuta yangu ni dhaifu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, kompyuta yako haina kosa. Programu za aina hii huchora kana kwamba nukta zote (yaani vituo vyako) zinasukumana na kila kiungo, yaani mstari kati ya nukta mbili, ni springi inayozivuta pamoja. Basi pale ambapo vituo vimefungamana kupita kiasi, springi hushinda na vyote huangukia katikati. Hesabu yenyewe si mzigo, kwani mwaka 1986 Josh Barnes na Piet Hut walibuni mbinu ya kulihesabu kundi la nukta za mbali kama kitu kimoja (wao walishughulika na nyota, si daladala), na Gephi huitumia.

Tatizo limo katika kile ulichokiita kiungo. Njia yenye vituo 40, ukiunganisha kila kituo na vingine vyote, hutoa viungo 780; ukiunganisha kituo na kinachofuata tu, hutoa 39. Mchoro wa kwanza huonyesha unakoweza kufika bila kubadili gari, na wa pili huonyesha gari linapopita. Kama unauhitaji ule wa kwanza, mimi ningeacha mistari na kutumia jedwali, vituo vikiwa mlalo na wima, na seli ikitiwa rangi pale viwili vinapoungana. Vipange vituo vya njia moja karibu karibu, la sivyo utaona mchele uliomwagika.

Ukishikilia mistari, usiionyeshe yote. Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta, alishauri mwaka 1996 kwamba mtazamaji apewe kwanza picha nzima, kisha asogeze karibu na kuchuja, na undani uje anapouhitaji. Kwa hiyo viungo vifichwe mpaka mtu aguse Kariakoo, na hapo majirani zake pekee wawake, vingine vikififia. Vituo navyo vipange kwa latitudo na longitudo, kwa kuwa misukumo ya springi haijui kaskazini wala kusini, na katika mchoro wako wa sasa Mbagala ya kusini inaweza kabisa kutokea juu ya Tegeta ya kaskazini.